Fomu Iliyokatwa Kola

Siku hiyo fundi cherehani alifunga duka asubuhi. Pesa alizoweka benki zilikuwa zimetimiza mwaka, na alishachagua mashine ya umeme.

"Leo naagana na kukanyaga pedali!" alimwambia mumewe.

Saa sita alirudi mikono mitupu.

"Baba watoto, zimepungua! Eti walizinunulia hisa, na hisa zimeshuka bei. Mimi niliomba amana ya muda maalumu, ile ambayo faida yake unaijua tangu mwanzo!"

Jirani yao, karani mstaafu wa benki, alikuwa amefuata suruali yake. Akavaa miwani.

"Shemeji, kosa ni la benki. Una haki ya kulipwa fidia. Iko wapi nakala ya fomu uliyojaza?"

Fundi akashika kichwa. Yeye akiona karatasi ngumu, mkasi unamwasha. Ile fomu aliikata kupimia kola za sare za shule!

"Umeikata benki shingo," mumewe akasema, akacheka peke yake.

Wakamwaga sakafuni mfuko mzima wa karatasi za kupimia. Mikono, mifuko na viuno vya karatasi vikatapakaa. Wote watatu wakapiga magoti.

"Hii hapa!" fundi akapaza sauti.

Vilikuwa vipande vitatu. Wakaviunga kwa selotepu. Alama ya vema ilikuwa palepale, kwenye "muda maalumu," na muhuri wa benki chini yake. Fundi alipiga vigelegele mpaka mteja mlangoni akauliza nani anaolewa.

"Sasa andika barua," jirani akasema. "Eleza uliomba nini, na wao walifanya nini. Dai pesa zako zote na faida uliyoahidiwa. Toa fotokopi ya fomu uambatanishe. Hii yenyewe usimwachie mtu. Na nakala yako ya barua waigonge muhuri wa kupokea, wenye tarehe."

"Wakinizungusha je?"

"Kuna ofisi ya serikali inayosimamia mabenki. Unapeleka malalamiko huko. Usiogope, unadai haki yako."

Fundi alifanya hivyo hivyo. Wiki ya tatu benki ilimwita, ikamwomba radhi kwa maandishi, ikarudisha pesa zote na faida yake. Alirudi nyumbani karibu anakimbia.

Mashine mpya ilipowashwa, mume aliipapasa ile barua ya radhi.

"Karatasi ngumu hii, mama watoto. Ingetoa kola safi."

"Thubutu!"

Kazi ya kwanza ya mashine ile haikuwa ya mteja. Ilikuwa mkoba wenye zipu wa kuwekea karatasi za benki, na barua ikaingia humo nzima.