Maji ya Chemchemi Yanatoka Wapi?

Kornelia wa kijiji cha Tumati alikuwa mama hodari, ila mdomo wake haukuwa na breki. Kila asubuhi aliwahi chemchemini kuchota maji ya uji. Na kila alipoinama, alimlaumu jirani yake, mzee Hhando.

Binti yake, Letisia, alikuwa anaharisha tena. Mtoto alikuwa amekonda, amebaki macho tu. Kornelia aliogopa kumzika. Na boma la ng'ombe la Hhando lilionekana wazi kwenye kilima cha ng'ambo.

"Tunakunywa mavi ya ng'ombe wake!" alimwambia kila aliyekutana naye. "Mzee yule atatuulia watoto."

Siku moja alifika Verdiana, mtaalamu wa maji wa wilaya, mwenyeji wa Bukoba. Aliwakuta Kornelia na mumewe Hermani chemchemini, wakirekebisha wigo wa miiba.

"Dada, mwambie Hhando ahamishe boma lake!" Kornelia alisema hata kabla salamu hazijaisha.

"Tuangalie kwanza," Verdiana alijibu, akatoa simu. "Hii ni ramani ya mtandaoni. Inajua wapi pameinuka na wapi pameinama. Nikigusa hapa penye chemchemi, inachora eneo lote ambalo mvua yake hushukia hapa. Eneo hilo tunaliita kidakio cha maji."

Mtandao ulisuasua. Walisubiri wakiwa wamekodoa macho. Mwishowe mstari wa bluu ukatokea. Haukugusa kilima cha Hhando hata kidogo. Ulipanda kilima cha upande wa huku, mpaka nyuma ya bega lake.

"Maji ya kwa mzee Hhando yanakwenda bonde jingine," Verdiana alisema, akagusa alama iliyokuwa ndani ya mstari. "Na hili boma la huku juu ni la nani?"

"Letu," Hermani alisema. Zamani ng'ombe wao walilala ndani ya nyumba, kama kwa bibi zao. Kornelia alitaka nyumba isiyo na nzi, akamshurutisha mumewe kujenga boma kule nyuma. Kweli, nyani haoni kundule.

"Lakini kutoka hapa halionekani!" alijitetea.

"Maji yanafuata mteremko, mama, hata pale tusipopaona. Twende tukahakikishe kwa miguu."

Wakapanda. Mvua ilikuwa imechimba mfereji kutoka bomani. Ulikuwa umejaa mavi, nao uliteremka moja kwa moja kuelekea chemchemini.

Waliporudi chini, Verdiana alijaza maji kwenye chupa safi. "Ramani haioni vijidudu. Haya yatapimwa maabara. Lakini msisubiri majibu. Chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote. Boma litoke kwenye kidakio. Mteremko upandeni majani ya ng'ombe, yazuie udongo na uchafu. Na mtoto apelekwe zahanati leo."

Letisia alipelekwa, akapewa dawa. Kesho yake Kornelia alikwenda kwa Hhando na kibuyu cha maziwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nimekusema vibaya kijiji kizima. Ng'ombe wanaochafua maji ni wangu. Nisamehe, baba."

"Maneno yako yalinifikia yote," mzee alisema. "Nilinyamaza kwa sababu una mgonjwa. Anaendeleaje?"

"Amepewa dawa," Kornelia alijibu. Machozi yalimtoka.

Hhando alichukua panga lake, akawaita wanawe. Wakaenda kumsaidia Hermani kung'oa nguzo na kujenga boma jipya nje ya ule mstari wa bluu.

Majibu ya maabara yalionyesha vijidudu vingi. Msimu uliofuata, majani yakiwa yameshika mteremko, Verdiana alipima tena. Vilikuwa vimepungua sana.

"Endeleeni kuchemsha," aliwaonya.

Wakaendelea. Letisia akapona, akanenepa. Sasa anabishana na mama yake kutwa nzima, na Kornelia, kwa furaha, anamwacha ashinde.