Mwanya na Mabaki ya Uyoga

Sokoni Mugumu, siku ya msongamano, Nyamhanga alijikwaa kwenye kiroba, uchafu wa kahawia ukawamwagikia watu miguuni.

"We mura, macho umeyaacha nyumbani?"

Aliyefoka alikuwa Philomena, muuza uyoga wa Morotonga, ndani ya gauni la njano, na mwanya ulioonekana hata akikasirika.

"Samahani, dada. Ni nini hiki?"

"Maganda ya pamba. Yameshaotesha uyoga, sasa yanafaa kukuzia mboga."

Nyamhanga alisimama wima. Kwao Robanda tembo walikuwa wamemaliza shamba lake la nyanya. Alitaka kulima kwenye viroba, kando ya nyumba, ambako angalau mbwa wangebweka.

Philomena alimpa viroba vya maganda hayo bure, akamweleza kwa kirefu namna ya kuyatumia. Nyamhanga aliitikia kila neno. Hakusikia hata moja. Alikuwa akiuangalia mwanya.

Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje bila wewe?"

"Basi ufe na njaa."

Mapenzi yakanoga. Miche ya nyanya aliyoipanda kwenye viroba ikawa ya njano, ikafa yote.

"Mena, walichobakiza tembo umekimaliza wewe!"

"Ulifanya nilivyokuelekeza?"

"Kwani ulinielekeza nini?"

Philomena alikata simu, akalia, wala si kwa ajili ya nyanya. Asiyemsikiliza leo anapombembeleza, atamsikiliza akishamwoa?

Mvua zikanyesha, zikavipiga viroba Nyamhanga alivyovitupa nyuma ya zizi. Siku moja akakuta mche wa nyanya umejiotea humo, mnene, wa kijani kibichi. Roho ikamsuta. Akapanda bodaboda hadi Morotonga, shati lake jeupe likafika na matope hadi kwenye kola.

"Nielekeze tena, Mena. Siku ile sikusikia kitu. Nilikuwa naangalia mwanya wako."

Philomena alitaka kununa, akashindwa.

"Maganda yana chumvi. Yaache yanyeshewe kwanza, halafu uchanganye na udongo. Nimesema nini?"

"Yanyeshewe, nichanganye na udongo."

Nyanya zilipoiva, alimpelekea kikapu kizima.

"Mena, baba anauliza ng'ombe tuwalete lini."

Philomena alichagua nyanya moja, akaifuta taratibu kwa khanga.

"Nikija kwako, naja na uyoga wangu. Nikisema jambo, unisikie. Na kuhusu hao ng'ombe..."

Alikuwa ameanza kutabasamu. Nyamhanga aliinamisha macho haraka, mwanya usije ukamponza tena kabla hajasikia neno la mwisho.