Mafuta ya Nyonyo Kwenye Paji la Mdogo Wangu

Nilisogeza pazia kwa kidole kimoja tu...

Mdogo wangu Yuliana kalala kitandani, kang'atishwa mpira mdomoni. Daktari anampitishia umeme kichwani.

Na mume wake kasimama pembeni, kakunja mikono, anatazama.

Nikasema moyoni, huyu mwanaume anamuua mdogo wangu, na mimi naona.

Wasomaji wangu, naitwa Oliva, wa Makote, Newala. Jina nalitaja kwa makusudi. Mkifika mwisho mtataka kumjua mwenye kosa.

Yuliana alijifungua mtoto wake Luka, akanyamaza. Hasemi, hali, hanyonyeshi, macho ukutani. Miezi minne! Akabaki mifupa.

Sisi ndugu tukasema apelekwe Chilangala kwa fundi, mganga wa kienyeji. Mume wake, Nikolao, akakataa. Ni mwalimu, mtu wa kuja, kaletwa na ajira. Akamteremsha mpaka hospitali moja huko Masasi, akapanga chumba mtaa wa Lisekese, akaniita nikamlee Luka. Nikaacha korosho zangu chini zinaoza kwa mvua.

Nikafika na macho yangu mawili, na yote yalikuwa kwake.

Siku ya tiba anamnyima mkewe hata maji, ati daktari kakataza. Akirudi, Yuliana kasahau vitu. Siku moja aliniuliza Luka ni mtoto wa nani. Jamani, nililia chooni.

Halafu kuna nesi anaitwa Lois. Akipiga simu, Nikolao anatoka nje kuongea. Nje kuna nini?

Lakini kilichonimaliza ni zile karatasi. Kila tiba anarudi na karatasi ndefu imechorwa mistari ya kupanda na kushuka. Anaikunja, anaiweka kwenye sanduku la bati, anafunga.

"Baba Luka, hiyo karatasi ya nini?"

"Ubongo wa Mama Luka, shemeji. Akipata degedege ya ile tiba, mashine inauchora, daktari anajua imeanza lini na imeisha lini."

"Na sanduku unafunga la nini?"

Akacheka kidogo, akaenda kuoga.

Mimi mtu akinicheka nikimuuliza, nimeshamaliza naye.

Nikaagiza kwa fundi mafuta ya nyonyo, yaliyosemewa maneno. Maelekezo yakaja kwa simu: mpake paji la uso na nyuma ya masikio, ndipo ubaya unapomwingilia mtu. Asubuhi ya tiba ya tano, Nikolao katoka kuita bodaboda, nikampaka mdogo wangu mpaka akang'aa. Nikamfunga kilemba. Nikajiona nimemuokoa.

Ndiyo siku hiyo niliyowafuata hospitali, Luka mgongoni, nikasogeza pazia.

Yuliana alikuwa kapigwa sindano ya usingizi na nyingine ya kulegeza mwili. Mwili wote umetulia, mguu mmoja tu unatikisika. Huo walikuwa wameubana juu ya kifundo ili dawa ya kulegeza isifike, wauone ukicheza.

Kwenye paji na nyuma ya masikio wamembandika vibandiko vyenye waya. Kimoja kikateleza. Kingine kikaanguka kabisa.

Mashine ikaacha kuchora cha maana.

"Nimepoteza mawimbi," daktari akasema.

Mguu ukatulia. Nesi Lois akasema labda imeisha.

"Mguu siyo ubongo. Rudisha vibandiko," daktari akamwambia.

Lois akasugua na spiriti, akavikandamiza kwa vidole vyake. Kalamu ya mashine ikaruka juu chini, juu chini... Kumbe mwili umetulia lakini kichwani degedege bado inaendelea, na hakuna aliyekuwa anaiona!

"Dakika ya tatu hii. Leta sindano ya kuizima."

Nilishika ukuta mpaka ile mistari ikalala.

Lois akanusa vidole vyake. Akauliza nani kampaka mgonjwa mafuta.

Mimi nikajibana nyuma ya pazia.

"Ni mimi, daktari," Nikolao akasema. "Ngozi ilikuwa inamkauka."

Daktari alimgombeza mwalimu wa watu kama mwanafunzi mchelewaji. Yeye anasema samahani, samahani. Pazia hakulitazama hata mara moja.

Na mnajua nilifikiria nini? Nilifikiria ana mpango wake! Mtu gani anabeba kosa bure?

Nikawaacha hospitali wakisubiri Yuliana azinduke, nikarudi Lisekese, nikavunja kufuli la sanduku kwa mchi.

Karatasi nne. Nikazigeuza. Nyuma, mwandiko wa ubaoni.

"Tiba ya kwanza. Umeamka ukauliza mimi nani. Naitwa Nikolao. Tulijuana Chilangala, ulinicheka nilivyotafuna ming'oko, ile mizizi yenu ya porini, na maganda yake."

"Tiba ya tatu. Umeomba maji mwenyewe. Nesi Lois kanipigia kuuliza umelalaje, nimetoka nje kuongea ili usisikie nikilia."

"Tiba ya nne. Umemshika Luka. Ukisahau, soma hapa."

Nikakaa chini kwenye sakafu, sanduku mapajani. Aibu niliyoisikia siwezi kuwaelezea.

Mchana wakarudi. Nikolao akaliona kufuli, akamlaza mkewe kwanza. Kisha akatoa mfukoni karatasi ya tano, akanipa bila neno.

"Tiba ya tano. Leo mashine ilikupoteza kidogo. Dada yako alikupaka mafuta ili nisikudhuru. Usimkasirikie. Ulipoamka, jina la kwanza ulilotaja ni lake."

"Ulijuaje?" nikamuuliza.

"Kilemba kilinukia nyonyo njia nzima, nikadhani ni mafuta ya nywele. Shemeji, ningesema ni wewe, wangekuzuia usikanyage tena pale. Na yeye akiamka anakutaka wewe. Kosa langu nilicheka siku ile uliponiuliza. Niliona haya."

Kesho yake nilikwenda kwa daktari, nikasema ukweli. Nikagombezwa sawasawa.

Ndugu zangu, ukimshuku mtu, muulize mpaka akujibu, na ukitaka kumpaka mgonjwa chochote, waambie wanaomtibu kwanza. Nawe unayeulizwa, usicheke ukaondoka. Mimi kidogo nizike mtu kwa mapenzi.

Yuliana sasa anakula, anamnyonyesha chupa mwanawe, anacheka yale ya ming'oko kila akiyasoma.

Nimemuomba ile karatasi ya tano niichome.

Amekataa. Anasema ndiyo anayoipenda kuliko zote.