Rafu ya Wageni

"Sema tena! Sema tena nikusikie vizuri!"

Dada mtu alisimama katikati ya sebule, mwiko bado mkononi, na sauti yake ilishavuka ukuta ikafika kwa jirani.

"Dada, punguza sauti."

"Sipunguzi! Ukutani kwangu kuna alama ya X kubwa kama mlango, halafu unaniambia nipunguze sauti? Ramani iko wapi?"

"Imeharibika."

"Imeharibikaje? Ramani ni papai?"

Mdogo wake, mtu mzima mwenye mvi, akaangalia viatu vyake. Kidogo acheke. Angecheka, huo mwiko ungemshukia kichwani.

"Maji, dada. Maji yameingia."

"Si uliniambia iko mikononi mwako? Si uliniambia nilale usingizi?"

Jamani, kabla hamjamhukumu yeyote kati ya hawa wawili, turudi nyuma kidogo. Nyumba hii haikuwa ya kelele. Wazazi walipofariki, dada mtu ndiye aliyemlea mdogo wake. Yeye mwenyewe aliolewa, akaachika, akarudi hapo hapo. Binti yake alipoolewa wakabaki wawili tu, dada na kaka. Jioni dada anachambua mchele barazani, kaka anamsimulia aliyoyasoma kwenye mafaili ya zamani. Hakuwahi kuoa. Majirani walisema ameshaoa maboksi, wakamwita Makabrasha, kwa sababu alirudi nyumbani kila siku na vumbi la karatasi kwenye kola.

Kazi yake ilikuwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya serikali. Mtunza nyaraka. Mafaili ya wizara zote, ramani, majalada ya mahakama, vyote vinatakiwa viishie pale vitunzwe. Lakini nani anaenda pale? Chumba cha kusomea kilikuwa na meza ndefu na viti vimejipanga, na wiki inaisha hakuna aliyevuta kiti. Siku nyingine Makabrasha alipofungua mdomo jioni kumsalimia dada yake, sauti ilitoka na mikwaruzo, maana tangu asubuhi hakuwa ameitumia.

Sasa, kila mwaka walikuja wakaguzi kutoka wizarani. Zamani kidogo, mwaka mmoja hivi, bosi aliingiwa na baridi. Wakaguzi wako njiani na ofisi inanuka ukungu! Maboksi mapya yaliyokuwepo yalitosha kujaza rafu moja tu. Makabrasha akasema, niachie mimi. Akaiweka ile rafu karibu na mlango, akapanga maboksi, akabandika vibao vilivyochapwa vizuri, akafuta mpaka mbao zikang'aa. Mengine ndani hayakuwa na kitu. Yalijaza nafasi tu, kama kofia kwenye kiti cha mtu aliyetoka.

Wakaguzi wakafika. Wakavuta boksi moja lililokuwa na kitu, wakalisifia, wakanywa chai, wakaandika kwenye kitabu cha wageni: kazi nzuri, endeleeni hivyo hivyo.

Na wao wakaendelea hivyo hivyo! Rafu ikapata jina, Rafu ya Wageni. Makabrasha aliipenda kama mtu anavyopenda gari lake. Nyuma yake kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango ndilo ghala lenyewe. Mle bati zilikuwa zimeoza. Ndoo zilitegwa sakafuni, mchwa wanapanda ukutani hawana haraka. Mvua ikinyesha, Makabrasha alihamisha mafaili kutoka upande wenye maji kwenda upande mkavu, mpaka upande mkavu ukaisha.

Waliandika wizarani kuomba fungu la ukarabati. Jibu lilipokuja, bosi alimwita akamsomea. Fungu limehamishiwa kwenye ofisi zenye hali mbaya zaidi, kwa kuwa taarifa ya wakaguzi inaonyesha hali ya hifadhi ni nzuri sana.

Bosi akamtazama. "Umeona? Umetung'arisha mpaka tumekosa."

Akacheka. Makabrasha naye akacheka, si mnajua bosi akicheka mnacheka wote.

"Basi safari hii tuwafungulie ghala, bosi."

"Ili waseme tumelala kazini? Mzee, onyesha rafu."

Akaonyesha rafu.

Na hapa ndipo mambo ya ofisini yalipoingia nyumbani. Mtaa wao ulipimwa baba yao akiwa hai. Ramani ya mpimaji, yenye mhuri, ilionyesha barabara inapita ng'ambo ya mtaro, mbali na nyumba zao. Iko moja tu, na ilipelekwa hifadhini. Kuna wakati majirani walitaka wachange wakatoe nakala yenye mhuri, kila mtu akae na yake. Makabrasha ndiye aliyewazuia.

"Nakala ya nini? Yenyewe ninayo mimi, naifungia kwa ufunguo wangu. Mnaogopa nini?"

Dada yake alivimba kichwa siku hiyo. Alipita nyumba kwa nyumba akisema mdogo wangu ndiye anaushika mtaa huu. Watu wakaacha kuchanga.

Halafu wakaja watu wa barabara na rangi nyekundu, wakachora X kwenye kila nyumba ya kubomolewa. Mchoro wao mpya ulipitisha barabara juu ya nyumba. Wakazi wakaenda baraza la ardhi, wakaambiwa vizuri tu: leteni ramani ya asili, tutawasikiliza.

Makabrasha alikwenda kwenye droo za ramani akipiga mluzi. Hakuwa amezifungua muda mrefu, maana muda wake wote ulikuwa wa kufuta rafu. Droo ikagoma. Imevimba. Akaichokonoa kwa bisibisi mpaka ikafunguka, akakuta ramani zote zimeshikana zimekuwa kitu kimoja, kama mkate uliolowa. Akajaribu kubandua karatasi kwa ukucha, taratibu, taratibu kabisa. Wino ukamganda vidoleni. Mtaa mzima ulibaki kwenye vidole vyake, rangi ya bluu.

Akakaa chini, sakafuni, kwenye maji. Hakuwepo mtu wa kumwita. Akaenda nyumbani, akamwambia dada yake, na ndiyo hizo kelele mlizozisikia mwanzo.

"Na hao wakaguzi?" dada aliuliza. "Kila mwaka wanakuja kufanya nini?"

"Wanaangalia rafu."

"Rafu gani?"

Akamweleza. Yote, mpaka maboksi matupu. Dada akaweka mwiko chini, na sauti yake ikashuka, na hiyo ikawa mbaya kuliko makelele.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unapangusa maboksi hewa, na nyumba ya baba inaoza nyuma ya mlango."

Makabrasha akaingiza mfukoni vidole vyake vyenye wino.

Wakaguzi walipokuja tena, Makabrasha aliipita Rafu ya Wageni kama hakuiona, akafungua mlango wa ghala. Bosi alimkodolea macho mpaka yakakaribia kudondoka. Mkaguzi mkuu, mama mmoja mwenye miwani, alikunja sketi akaruka dimbwi, akasimama kwenye droo ya ramani.

"Tangu lini?"

"Muda mrefu, mama."

"Mbona hamkusema?"

"Tuliandika."

"Barua zenu hazikunifikia. Mimi nilionyeshwa rafu, nikaandika rafu." Akageuka akautazama mlango. "Na mimi sikuwahi kuomba huu mlango ufunguliwe."

Fungu likatoka. Mafundi wakapanda juu na bati mpya, nyundo zikalia kutwa nzima. Bosi hakumsalimia Makabrasha tena. Paa likawa zuri, halivuji hata tone. Ila kwa mtaa wao, chini yake hapakuwa na kitu cha kufunika. Baraza la ardhi lilisubiri, likachoka kusubiri, likaamua. Nyumba zitoke.

Dada mtu alifunga mizigo yake asubuhi. Anakwenda kwa binti yake.

"Kule kuna nafasi ya godoro moja," alisema bila kumwangalia.

"Najua, dada."

"Umekula?"

"Nimekula." Hakuwa amekula.

Alipopanda kwenye pikapu ndipo akageuka. "Huko utakakokwenda, usimwambie mtu asiogope."

Pikapu ikaondoka. Makabrasha akarudi ndani peke yake, akasimama kwenye sebule tupu. Kwa mazoea akafuta vumbi dirishani kwa mkono wa shati. Kabla hajatoka, jamani, ngoja tuambizane.

FUNZO

Nyaraka za serikali siyo za serikali peke yake. Nyumba yako imo mle, kiwanja chako kimo, jina la marehemu baba yako limo. Bati la hifadhi likitoboka, kinacholowa ni cha kwako, hata kama hujawahi kukanyaga pale.

Ninyi mnaogawa mafungu, msingoje ofisi inuke ndipo mtoe. Ninyi mnaokagua, chai mnywe baadaye, kwanza ombeni mlango wa nyuma. Na sisi tunaokaguliwa, hapa ndipo penye ugonjwa, tuache kupamba rafu moja ili bosi asikasirike. Ukificha shida, unaikatia msaada wake kwa mkono wako mwenyewe. Makabrasha hakuiba chochote. Alifuta vumbi tu, akanyamaza. Ikatosha kubomoa mtaa.

Na mwananchi, kama kuna karatasi inayokulinda, katoe nakala. Usikubali kuambiwa ulale usingizi.

Basi. Tingatinga la kubomolea lilikuwa limeshaanza kunguruma kona ya mtaa. Makabrasha alichukua begi lake, akatoka, akaurudisha mlango mpaka ukashika. Akazungusha ufunguo, akajaribu kitasa kuona kama umefunga vizuri.