Hedfoni za Marehemu Hashil

Asubuhi hiyo haikuwa na ubaya wowote. Shaima, binti wa jirani hapa Tandika, alikunywa chai na vitumbua viwili, akamuaga mama yake, akaenda kurusha ndege yake ndogo kama wengine wanavyokwenda gengeni. Saa nne na nusu alishaondoka Mafia kurudi Dar na abiria mmoja tu, nesi Filomena, aliyekaa nyuma na ndoo yake ya kamba wabichi, wamo kwenye maji ya chumvi. Kiti cha mbele, kulia kwa Shaima, kilikuwa kitupu.

Masikioni alivaa hedfoni za Hashil.

Hashil ndiye aliyemfundisha urubani. Miezi miwili nyuma alianguka na ndege akijaribu kutua, tukamzika vipande vipande. Siku ya hitma Shaima alikwenda kukuna nazi, akapenya chumbani, akazichomoa hedfoni sandukuni mwa marehemu. Eti ukumbusho! Mjane, Bi Mwajabu, yumo edani, na kwao sanduku la nguo za marehemu haliguswi mpaka mke atoke eda. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Wasomi ndio hawalijui.

Walipofika juu ya makontena ya Kurasini, upepo ukamsukuma. Kona ya mwisho akaichelewa, akaupitiliza mstari wa kutua. Si ajabu, hutokea. Hashil alimwimbia kila siku: "Ukiupitiliza, usiufukuzie. Ukikaza kona uko chini na mwendo mdogo, ndege inakubwaga. Tia moto, panda, zunguka, uje upya." Mwenyewe hakufuata, ndiyo maana yuko udongoni.

Shaima akapeleka mkono kwenye wenzo wa injini atie moto.

"Kaza kona, binti," ikanong'ona sauti masikioni.

Akadhani ni watu wa mnarani, waongoza ndege. Lakini wa mnarani hawamwiti mtu binti.

"Kaza."

Pedali ya kushoto ikazama yenyewe. Kwenye ndege zile, pedali za viti viwili vya mbele zimeungana. Mmoja akikanyaga, ya mwenzake inakwenda nayo. Shaima akageuka. Mkanda wa kile kiti kitupu ulikuwa umefungwa. Umekaza. Umebana kifua cha mtu.

Mkono ukamdaka. Wa baridi, umejaa udongo. Ukamvunja kidole. Ta! Na cha pili. Ta! Ndege ikalala ubavu, ndoo ya kamba ikamwagikia kiti cha mbele. King'ora cha kukosa mwendo kikaanza kulia. Mabati ya nyumba za watu yakajaa kioo kizima.

"Dada!" Filomena akapiga yowe. "Mwambie huyo baba aache!"

Shaima akaung'ata ule mkono. Akang'ata mpaka mfupani. Jino lake la mbele likakatika, likabaki humo humo. Filomena akang'oa mtungi wa kuzimia moto, akamtwanga yule baba utosini. Mara moja. Mara tatu. Kichwa kikapasuka kama dafu. Wala hakikutoa mlio.

"Kaza."

Shaima akazing'oa hedfoni na nywele zake juu.

Pedali ikalegea. Akashusha pua ndege ishike mwendo, akanyoosha mabawa, akausukuma moto wote kwa kiganja, vidole vikining'inia. Wakapita juu ya antena za watu, akapanda. Akazunguka. Akaja upya, polepole, mstari umenyooka. Akatua.

Mafundi walipekua ndege nzima. Damu ya Shaima ipo, jino hakuna. Na ule mkanda ulikataa kufunguka. Wakaukata kwa kisu.

Alasiri, mkono umefungwa bandeji, hedfoni kwapani, Shaima akabisha kwa Bi Mwajabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umezileta?"

"Nani kakwambia?"

"Hilo sanduku linagongwa kwa ndani tangu asubuhi," Mwajabu akanong'ona. "Saa tano likanyamaza. Na ufunguo ninao mie kiunoni, sijauvua tangu hitma."

Akafungua. Juu kabisa lilikuwepo shati jeupe la kazi, alilolipiga pasi kwa mkono wake, limekunjwa vilevile. Ukosi umelowa maji ya chumvi, yananuka kamba. Mkono wa kushoto umelowa damu mbichi.

Mwajabu akakung'uta. Jino likadondoka sakafuni.

Shaima akaliokota, akalipeleka pengoni.

Likaenea.