Chumvi kwenye Barafu

Ijumaa. Saa tatu asubuhi.

Chumba cha nyuma ya duka la kinyozi, mtaa wa Bwaise. Mafuriko ya jana yalikuwa bado sakafuni, wanaume watatu wameweka miguu juu ya matofali. Oloya, askari aliyefukuzwa jeshini, alichora ukutani kwa chaki.

"Maabara iko hapa, Kibuli. Saa saba walinzi nakwenda kuswali. Getini nabaki Okidi peke yake."

Okidi, mlinzi wa maabara hiyo, ndiye aliyemleta Mushagalusa gengeni, akamdhamini kwa uhai wake.

"Chupa ishirini," Okidi alisema. "Ndani iko chembe za nano, ndogo sana. Nabeba RNA, dawa yenyewe, mpaka ndani ya jani ya muhogo, ugonjwa nakufa. Nataka baridi, lakini isigande. Ikiganda, chembe nashikana, dawa kwisha."

"Mambo ya baridi muniachie miye," Mushagalusa akajibu. Alitoka Bukavu, na sasa aliuza samaki bandarini Port Bell.

Saa saba na robo.

Kazi ilikuwa nyepesi hadi ikatia shaka. Okidi alifungua geti, Oloya akavunja kufuli la jokofu, Okidi akatoa chupa, Mushagalusa akazipanga katika sanduku lake la samaki. Jua lilikuwa kali. Jua likiwa kali, muuza samaki hutia chumvi kwenye barafu ili baridi iume zaidi. Mkono ukafuata mazoea, viganja vitatu. Mtu hujihadhari na polisi, mkono wake mwenyewe akauamini, masikini!

Saa tisa kasoro robo. Ghala moja, Luzira.

Mnunuzi aliyekuwa akiwasubiri aliinua chupa. Imeganda. Akaiyeyusha ndani ya maji vuguvugu, chini yakabaki madonge meupe. Alifungua ya pili, ya tatu. Akapanda gari lake, akaondoka bila kuaga.

Oloya akachomoa bastola.

"Okidi. Umebadilisha chupa. Umeniuza."

"Hapana, mukubwa! Uliza Mushagalusa! Yeye alibeba sanduku!"

"Wewe, Mukongomani. Ulifanya nini?"

Mushagalusa alijua ni ile chumvi yake. Neno moja lingemwokoa Okidi, na neno hilohilo lingeigeuza bastola upande wake.

"Niliweka tu barafu, mukubwa. Chupa, ni yeye njo alinipatia."

Okidi alimgeukia, mdomo wazi. Risasi mbili. Akaanguka kifudifudi juu ya sanduku.

Oloya alimpiga Mushagalusa begani, kwa upole kabisa.

"Wewe iko mutu ya kweli. Kuanzia leo nafanya kazi na wewe tu."

"Asante, mukubwa," Mushagalusa alisema, akainama kushika miguu ya rafiki yake ili waubebe mwili.