Kitambaa cha Beji

Ijumaa, saa tano asubuhi. Al Qusais.

Chumba cha nyuma, juu ya duka la dobi. Gerishom alichora ghala la Al Quoz kwenye boksi la pizza. Mpango ulikuwa huu: arbab, bosi wa Kiarabu mwenye ghala, anakwenda kuswali. Harriet, mlinzi wa zamu, anazima kamera. Gerishom anafungua sefu. Twaibu, Mganda mwenzake Harriet, anabaki kwenye gari, injini inanguruma.

Sefu ilikuwa na vitu viwili vya maana. Cha kwanza, sarafu ya majaribio: kipande cha shaba kilichogongwa upande mmoja tu, Wamarekani wa zamani walipokuwa wakipima muhuri wao. Cheusi, kibaya, na matajiri wanakililia. Cha pili, pasipoti ya Harriet. Arbab alikuwa ameikalia miaka mitatu. Boti ya Khelef, njia ya Harriet ya kutoka nchini, ilikuwa inaondoka bandari ya Hamriya saa kumi, na bila pasipoti hapandi mtu.

"Sarafu yenu," Harriet alisema. "Mimi nataka pasipoti yangu tu."

Saa saba na dakika tano. Ghalani.

Sefu ikafunguka. Gerishom akamkabidhi Harriet sarafu, maana mlinzi hapekuliwi mlangoni. Pasipoti akaitia mfukoni mwake.

Saa nane na nusu. Gereji.

Andrew, mnunuzi, alisubiri na glavu nyeupe mkononi. Harriet akadai chake. Gerishom akacheka, akasema wiki ijayo kuna sefu nyingine, na mlinzi kama yeye haachiliwi hivi hivi.

"Tulia, siz. Kwangu iko salama."

Maneno yale yale ya arbab! Miaka mitatu Harriet alisugua beji yake ya ulinzi kwa braso, dawa ya kung'arishia shaba, kila asubuhi, maana arbab hakutaka mlinzi aliyefubaa. Na miaka mitatu alimsikia akiwaonya wageni: weusi wa sarafu ndio thamani yake, ukiusugua umebaki na chuma chakavu. Akatoa kitambaa cha beji, akakiweka juu ya shaba.

"Pasipoti, Gerishom. Ama nasugua."

Gerishom naye alikuwa askari zamani. Kwake, kitu kizuri ni kile kinachong'aa.

"Sugua basi. Iwake."

Andrew alibadilika rangi. "Mpe," alisema kwa sauti ya chini. "Mpe sasa hivi."

Gerishom akamtazama, hakuelewa, akaitoa pasipoti. Harriet akaifungua, akaiona picha yake, akaitia kifuani. Andrew akanyoosha mkono wake wa glavu.

Harriet akasugua. Akasugua kwa hasira ya miaka yote mitatu, mpaka shaba ikatoka nyekundu, kisha akaitupa chini ya jeki.

"Imewaka," alisema.

Gerishom bado alikuwa amepiga magoti akiisaka sarafu, Harriet alipofika kwenye gari. Twaibu alimwangalia mara moja tu, akamfungulia mlango.

"Hamriya," Harriet alisema. "Yalla, twende."